Nguzo Moja Haijengi Nyumba: Kupima Hatari na Neema Mashariki ya Uganda

Katika miji ya New York na London wako wataalamu ambao kazi yao ni kupima hatari. Huitazama dunia nchi baada ya nchi, na kila nchi huipa alama yake: hapa mtaji utakuwa salama, pale utakuwa mashakani, kule usipelekwe kabisa. Alama hizo si jambo dogo. Husaidia kuamua serikali itakopa kwa riba gani, kiwanda kijengwe wapi, na mwenye mtaji adai faida kiasi gani kabla ya kukubali kuja. Lakini inapofika zamu ya Afrika, mara nyingi bara zima lenye nchi 54 huzungumzwa kana kwamba ni shamba moja, lenye mvua moja na mwenyewe mmoja. Mwaka 2000 jarida la The Economist la London lilitoa toleo ambalo jalada lake liliiita Afrika bara lisilo na matumaini. Mwaka 2011 jarida hilohilo likatangaza jaladani kwamba Afrika inainuka. Hukumu zote mbili zilitolewa kwa bara zima, na zote mbili hazikumsaidia mtu aliyetaka kujua kama apande kahawa, anunue lori, au afungue karakana.

Mwenye kutaka kupima kwa haki hana budi kuiacha ramani kubwa na kushuka mahali pamoja panapojulikana. Mashariki ya Uganda panafaa kwa kazi hiyo. Huko kuna Jinja, mahali Mto Naili unapoliacha Ziwa Viktoria na kuanza safari yake ndefu kwenda Misri. Huko kuna Mbale, chini ya Mlima Elgon, ambao wenyeji Wagisu huuita Masaba. Katikati yake iko Tororo, na karibu na Tororo mpaka wa Kenya unavukwa katika mji wa Malaba. Tangu Julai 2020 Jinja na Mbale zote mbili zimepewa hadhi ya jiji. Mkazi wa Nkoma, mmoja wa mitaa ya Mbale, hahitaji kusoma taarifa ya wataalamu wa ng'ambo ili ajue hatari ni nini. Historia ya mahali alipo imemfundisha.

Somo lenyewe linaweza kuelezwa kwa maneno machache. Katika eneo hili, kila kitu kilicholeta neema ndicho kilicholeta hatari pia, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kila mara watu walipoachwa wakitegemea kitu kimoja tu: mto mmoja, kundi moja la wenye mali, njia moja ya kwenda baharini, zao moja la kuuza.

Mfano wa kwanza ni mto. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alilifungua bwawa la Owen Falls mjini Jinja. Umeme wa bwawa hilo ndio ulioifanya Jinja kuwa mji wa viwanda. Kiwanda cha nguo kilichojulikana kwa jina la Nytil kilijengwa hapo, pamba ya wakulima wa mashariki na kaskazini ikapata soko karibu, na vijana kutoka Busoga, Bugisu na Teso wakaenda kutafuta mshahara. Uganda ilipata umeme wa kutosha hata ikaweza kuiuzia Kenya.

Hata hivyo, tangu mwanzo mto huo haukuwa mali ya Jinja peke yake. Uingereza ilipotaka kujenga bwawa ilibidi ikubaliane kwanza na Misri, na makubaliano ya mwaka 1949 yaliruhusu mhandisi wa Misri akae Jinja kuangalia kiasi cha maji kinachopitishwa. Kwa hiyo chanzo cha nguvu za mji kilifungwa na siasa za nchi iliyo maelfu ya kilomita upande wa chini wa mto.

Nusu karne baadaye udhaifu mwingine ulionekana. Mwaka 2005 na 2006 kina cha Ziwa Viktoria kilishuka sana. Ukame ulikuwa sababu mojawapo, na wako wataalamu walioonyesha kwamba mabwawa mawili ya Jinja, lile la zamani, sasa Nalubaale, na jirani yake Kiira, yalikuwa yakipitisha maji kupita kipimo kilichokubaliwa. Umeme ukawa wa mgao. Mashine zikasimama saa nyingi za mchana, na serikali ikakodi mitambo ya dizeli kwa gharama kubwa. Mshona nguo na mwenye kinu cha kusaga nafaka walikaa gizani ingawa mto ulikuwa ukipita mlangoni.

Dawa iliyotafutwa ilikuwa bwawa la Bujagali, la megawati 250, lililozinduliwa mwaka 2012 kaskazini ya mji wa Jinja. Mgao ulipungua sana. Lakini mkataba wake ulikuwa wa kulipia uwezo wa mitambo, ikiwa umeme wote umetumika au haukutumika, na bei ya umeme huo ililalamikiwa kwa miaka mingi hata ikabidi mikopo ya bwawa ipangwe upya mwaka 2018. Baadaye yalikuja mabwawa ya Isimba mwaka 2019 na Karuma mwaka 2024, la pili likiwa na uwezo wa megawati 600. Hiyo ni neema kubwa, na hakuna wa kuikana. Ila yote hayo yamejengwa juu ya mto uleule. Mvua ikiligomea ziwa miaka mitatu mfululizo, mabwawa yote yataumia pamoja.

Mfano wa pili ni mali na wenye mali. Kabla ya mwaka 1972 sehemu kubwa ya biashara na viwanda vya mashariki ya Uganda ilikuwa mikononi mwa watu wachache wenye asili ya Asia. Shamba na kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, kilianzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930 na kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa katika Afrika Mashariki. Utawala wa kikoloni ulikuwa umepanga mambo hivi: Mwafrika alime, Mwasia anunue na kuchambua, Mzungu atawale na kusafirisha ng'ambo. Mpango wa namna hiyo ulizaa utajiri, ukazaa na kinyongo. Nchi ambayo wananchi wake wengi hawana sehemu katika viwanda vyake imejiwekea moto chini ya kitanda, hata kama vitabu vya hesabu vinaonyesha faida kila mwaka.

Moto huo uliwashwa tarehe 4 Agosti 1972. Siku hiyo Idi Amin, akizungumza na askari katika kambi ya Tororo, alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda. Walipewa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka, na maduka, viwanda na nyumba zikagawiwa watu wengine, wengi wao wanajeshi na marafiki wa utawala. Wananchi waliwapa matajiri hao wapya jina la "mafuta mingi". Wengi hawakujua bidhaa zinaagizwa wapi wala spea za mashine zinapatikanaje. Rafu zilipomalizika hazikujazwa tena. Sukari, sabuni na chumvi zikawa vitu vya kutafutwa kwa siri, na neno magendo likawa jina la uchumi mzima.

Ni vizuri kuitazama hasara hiyo kwa jicho la mtu wa kawaida. Mwenye kiwanda aliyefukuzwa aliumia, wala haifai kulipunguza umivu lake. Aliacha kazi ya maisha yake na kuondoka na mkoba. Lakini mkata miwa wa Kakira na mfuma nguo wa Jinja hawakuwa na mahali pa kwenda. Walibaki na kiwanda kilichokuwa kikizimika kidogo kidogo, na mshahara usionunua kitu. Sheria ya kurudisha mali ilipitishwa mwaka 1982, jamaa ya Madhvani ilirudi Kakira mwaka 1985, na mashamba yakalimwa upya. Kwa wale waliokuwa vijana mwaka 1972, miaka 13 haikurudi.

Mfano wa tatu ni njia ya kwenda baharini. Mzigo wa Jinja na Mbale hutoka Mombasa na kuingia kwa Malaba au Busia, safari ya zaidi ya kilomita 900 kwa lori. Reli nayo hufuata upande huohuo. Ilivuka Naili mjini Jinja na kufika Kampala mwaka 1931, na tawi lake hutoka Tororo kupitia Mbale na Soroti kuelekea Lira na Gulu. Wakati amani inapotawala, njia hiyo ni mshipa wa damu. Siasa zinapochafuka, mshipa hubanwa.

Ulibanwa Julai 1976, uhusiano wa Uganda na Kenya ulipoharibika na mafuta ya Uganda yakakwama upande wa pili wa mpaka. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika moja la reli likagawanywa vipande vitatu. Ulibanwa tena mwanzo wa mwaka 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi nchini Kenya, reli ilipong'olewa na petroli ikaadimika katika miji ya Uganda. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, madereva walingoja vipimo huko Malaba katika foleni ya malori iliyofika makumi ya kilomita. Mara zote hizo chanzo cha tabu hakikuwa Mbale wala Jinja. Mkazi wa Nkoma hakupiga kura katika uchaguzi wa Kenya mwaka 2007, ila bei ya nauli na ya mafuta ya taa ilimfuata mpaka mlangoni.

Mfano wa nne ni kahawa. Miteremko ya Elgon hutoa kahawa ya arabika inayosifiwa katika masoko ya dunia, na tangu mwaka 1954 wakulima wake walikuwa na chama chao kikuu, Bugisu Cooperative Union, chenye makao mjini Mbale. Hapa tena neema na shida vilitoka mbali. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda kwa kiasi kisichokuwa na mfano. Ilikuwa bahati ya kujenga shule, barabara na zahanati katika kila kata ya mlimani. Kwa bahati mbaya, kahawa ilipaswa kuuzwa kwa bodi moja ya serikali, na bodi hiyo ililipa kidogo, tena kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani. Serikali iliunda mahakama ya makosa ya uchumi mwaka 1975, lakini vitisho havikuwazuia watu. Usiku magunia yalivushwa mlimani hadi soko la Chepkube, upande wa Kenya, ambako bei ilikuwa ya haki zaidi. Wachache walitajirika. Wengine walipoteza mzigo, na wengine maisha. Hazina ya taifa haikupata kitu.

Mwaka 1989 Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, na katika miezi michache bei ikaanguka karibu nusu. Miaka michache baadaye serikali ya Uganda iliondoa ukiritimba wa bodi. Mkulima akapata uhuru wa kumchagua mnunuzi, na pia akapoteza kivuli cha bei iliyopangwa. Februari 2025 bei ya arabika ilivuka dola 4 kwa ratili katika soko la New York, na sababu mojawapo ilikuwa ukame, tena huko Brazil. Wakati huohuo Umoja wa Ulaya, uliopitisha mwaka 2023 sheria ya kuzuia mazao yanayotoka katika ardhi iliyokatwa misitu, umemtaka muuza kahawa aonyeshe kila shamba lilipo. Mkulima wa ekari moja huko Bududa au Sironko anapangiwa maisha na hali ya hewa ya bara jingine na sheria ya bara la tatu.

Mlima wenyewe pia una sauti yake. Tarehe 1 Machi 2010 maporomoko ya ardhi yalifunika vijiji vya Bududa na kuua watu zaidi ya 100. Maporomoko yalirudi Oktoba 2018, na Novemba 2024 yakatokea katika wilaya ya Bulambuli. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika ndani ya Mbale, ikaua watu zaidi ya 20, ikabomoa nyumba na kuharibu mabomba ya maji. Udongo mwekundu unaoikuza kahawa ndio uleule unaoteleza mvua ikizidi na miti ikipungua. Hatari hii haimo katika alama za siasa, lakini yule anayejenga kiwanda bondeni bila kuuliza mto ulipita wapi mwaka 2022 amepima nusu tu ya jambo.

Sasa linajitokeza swali ambalo wapimaji wa ng'ambo hawaliulizi mara nyingi: mambo yakiharibika, nani hulipa?

Mwenye mtaji mkubwa anayo kinga. Benki ya Dunia inalo shirika la kutoa dhamana, MIGA, lililoanza kazi mwaka 1988. Humlinda mwekezaji dhidi ya vita, unyang'anyi wa mali na serikali kuvunja mkataba. Bwawa la Bujagali lilipojengwa, wenye mtaji walipata dhamana ya namna hiyo. Nairobi kuna shirika la Kiafrika la bima ya biashara lililoanzishwa mwaka 2001, Uganda ikiwa miongoni mwa wanachama wa kwanza. Hakuna ubaya katika mambo hayo. Pasipo dhamana, fedha nyingi zisingekuja kabisa, au zingekuja kwa riba ya kunyonya.

Lakini ni dhahiri kwamba dhamana haiifuti hatari. Huihamisha kutoka bega moja hadi jingine. Mkataba unapoahidi kwamba mwekezaji atalipwa ikiwa mvua imenyesha au haikunyesha, maana yake ni kwamba mlipa kodi na mnunuzi wa umeme ndio watakaobeba ukame. Mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya kusambaza umeme, Umeme, ulipomalizika Machi 2025, kazi ilirudi kwa shirika la serikali, na hesabu ya fidia ikazua mgogoro mkubwa. Pande zote mbili zilikuwa na wanasheria. Mwenye kibanda cha kuchomelea vyuma huko Nkoma, ambaye umeme ukikatika siku nzima hana kazi, hana mkataba wenye kifungu cha fidia. Mkulima naye ameanza kufikiriwa juzi juzi tu: mwaka 2016 serikali ya Uganda ilianzisha mpango wa kulipia sehemu ya ada ya bima ya kilimo. Huo ni mwanzo mwema, na unastahili kufika kwenye mashamba madogo ya mlimani.

Je, basi Jinja na Mbale ni mahali pa kukimbiwa? Hapana. Dalili za neema zipo na zinaonekana. Daraja jipya la Naili lilifunguliwa Jinja Oktoba 2018. Mwaka huohuo eneo jipya la viwanda lenye mtaji wa Kichina lilizinduliwa Mbale. Reli ya kutoka Tororo hadi Gulu imeingizwa katika mpango wa matengenezo, na ikitembea tena, Mbale itakuwa kituo cha njiani kuelekea kaskazini na Sudan Kusini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1999, na soko huru la bara zima lilianza kufanya kazi Januari 2021. Meli ya kubeba mabehewa ilirudi ziwani mwaka 2018 kati ya Mwanza na Port Bell, ikaipa Uganda njia ya pili ya kwenda baharini kupitia Tanzania.

Thamani ya dalili hizo itategemea kama zinaongeza nguzo au zinaihamisha tu nguzo ileile. Njia ya Mwanza itamsaidia mfanyabiashara wa Jinja ikiwa meli zitatunzwa wakati Mombasa imetulia, maana njia ya akiba haijengwi siku ya dhiki. Kahawa itamwinua mkulima ikiwa sehemu yake itakaangwa na kufungwa Mbale, na ikiwa pembeni ya mibuni patakuwa na migomba, maharage na ng'ombe wa maziwa. Umeme utakuwa wa kuaminika ikiwa jua na vyanzo vingine vitasaidiana na mto. Viwanda vipya vitakuwa salama ikiwa vijana wa mji watajifunza humo ufundi wa kweli, na ikiwa wenyeji watakuwa na hisa na sauti, kwa sababu mali inayoonekana kuwa ya wageni watupu hushawishi mtawala yeyote anayetafuta sifa za haraka. Na sheria ndiyo ukuta wa nyumba yote. Agosti 1972 neno la mtu mmoja katika kambi moja lilitosha kugeuza maisha ya mamilioni, kwa sababu hapakuwa na bunge wala mahakama yenye nguvu ya kulizuia. Bei ya kahawa hupanda na kushuka, na mvua hurudi. Kuaminiwa kukivunjika huchukua kizazi kizima kujengwa tena.

Wazee walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Ni maneno ya busara kwa mtu mwenye tamaa. Lakini historia ya Jinja na Mbale inaongeza upande wa pili wa maneno hayo: aliyeshika moja tu, hiyo ikimponyoka, hubaki mikono mitupu.